Kabla ya Kigae

Taisto alibandika vigae juu ya mbao tupu,
siku mbili kabla ya Krismasi,
mwaka ambao mama yake alishuka kutoka Rovaniemi
naye hakutaka mama aone sakafu ya mtu maskini.
Vilipendeza. Vyeupe kama mto wa Kemi mwezi wa Machi.
Kufikia Mei vilianza kusema.

Ukikanyaga karibu na choo: kak.
Kama mzee anayevunja donge la sukari kwa meno
kabla ya kunywa kahawa.
Miaka kumi na tisa tuliishi na sauti hiyo.
Minne ya mwisho nimeishi nayo peke yangu.

Sasa nimemwita Säde, binti wa fundi bomba wa mtaa wa pili,
mwenye pedi za mpira magotini na maneno ya kuhesabu.
Alisimama katikati ya bafu, akaruka mara moja.
Glasi ya miswaki ikatetemeka rafuni.
"Mbao hunywa, huvimba, husinyaa," alisema.
"Kigae hakijui hata moja kati ya hayo."
Nikaelewa: hawa wawili tuliwaoza bila mshenga.

Tuling'oa vigae, tukang'oa mbao.
Chini yake vumbi la msumeno
alilolimwaga baba mkwe baada ya vita,
kavu, bado linanukia msonobari.
Ila pale karibu na choo, rangi ya kahawa,
na boriti laini kama mkate uliolowa:
bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini.

Na ubavuni mwa boriti, penseli.
Mwandiko wake, ule unaolalia kushoto:
*Pameoza. Nitarudi kiangazi. T.*

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Kumbe alijua.
Na mimi miaka yote hiyo nikimwita mvivu kimoyomoyo,
na siku nyingine si kimoyomoyo.
Kiangazi kile kiwandani walimpa zamu ya usiku.
Kilichofuata, mgongo.
Na viangazi vya huku ni wageni wasiovua koti,
unageuka kuteleka maji ya kahawa, wameshaaga.

Säde hakuuliza. Alikikata kile kipande kwa msumeno,
akakiweka dirishani, maandishi yakitazama ndani,
akaniambia nimshikie tepu.

Boriti mpya ubavuni mwa ile ya kale, boliti sita.
Kisha plaiwudi, na skrubu, si misumari.
Msumari huahidi; skrubu hushika.
Kila sentimita kumi na tano, skrubu,
mpaka kiganja changu kikatoa lengelenge
nami nikaliona fahari, mwanamke wa miaka sitini na minane.

Ukutani aliacha nafasi ya milimita tano, pande zote.
Nikauliza: tunafanyaje ufa kwa makusudi?
"Nyumba nayo inataka pa kunyooshea miguu."

Kabla hatujafunika
nilitaka kumjibu Taisto juu ya boriti mpya.
Penseli ilikuwa mkononi. Maneno hayakuwapo.
Nikaandika tarehe,
na unyevu wa mbao, kama kipimo cha Säde kilivyosoma:
asilimia tisa.

Bodi ya saruji. Pimamaji, na kile kipovu chake
kinachohamahama kama mtu asiye na hakika,
mpaka mteremko ukakubali kuelekea kwenye tundu la maji.
Mikanda pembeni. Utando wa bluu kwa brashi, mkono wa kwanza.
Kungoja. Mkono wa pili, ukikingamana na wa kwanza.
Kungoja tena. Sijawahi kungoja kitu kikauke
bila kukigusa kwa kidole.

Leo asubuhi nimekigusa. Kimekauka.
Vigae bado vimo kwenye maboksi ukumbini,
vya kijivu; vyeupe sivitaki tena.
Säde atakuja saa mbili.
Nimevua soksi, nimeingia katikati ya ile bluu,
nimeirudisha glasi rafuni, na miswaki yake, mmoja,
nimeruka.

Kimya.

Nimeruka tena,
kwa ajili ya mwenzangu.