Jiko la Fundi Tweve

Mwezi wa sita, Tandala. Sakitu imelala juu ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Nimeshuka kwa fundi Tweve na laki na themanini
nimezifunga kwenye pindo la kitenge.

Majiko mawili uani.
La kwanza la pipa, tumbo wazi,
linameza gogo zima la mkaratusi bila kutafuna.
La pili fupi, bati nene, miguu ya kigoda,
na juu bapa: sufuria ya maharage ingetulia pale.

"Unachoma nini?"
Miwati. Paina, tukikosa.
"Paina itakuzibia dohani kwa masizi.
Kila mwezi mtu apande juu ya bati."

Mtu wa kupanda bati yuko Mafinga, anapasua mbao,
mwaka wa pili sasa.
Nikanyamaza. Nikafungua mlango wa jiko, nikafunga,
nikalichungulia kooni kama mnunuzi wa mbuzi.

Nikachukua fupi.

Mama mkwe amelizunguka mara mbili.
Amezeekea kwenye mafiga, macho mekundu tangu ujana.
"Moto uko wapi?"
Humo ndani, mama.
"Moto nisiouona ni umbea."

Basi usiku tunauacha mlango wazi, upana wa vidole vinne.
Moshi kidogo unachomoka,
unaijua njia ya machoni pake.
Anatazama, kidevu gotini. Ukuta umepata joto.

Nje, viazi vinaungua kwa baridi.