Fremu Nane

Mwaka ule studio iliuza hata vitasa vya milango.
Viatu vya kuchezea vilipangwa mezani, jozi kwa jozi,
na mtu mmoja kutoka Fresno akanunua meli
ambayo haijawahi kulowa.
Nyuma ya ukuta buldoza lilikuwa likila Paris,
Paris ya mbao na plasta.
Vumbi lake lilitua juu ya magari yetu kama unga.

Sisi tulikuwa chini, chumba namba kumi na moja,
Bwana Prohaska, mimi, na mashine inayokohoa,
tukiandaa arobaini ya marehemu:
miaka thelathini ya kuimba na kucheza
ipunguzwe, iwe saa mbili na dakika nane.
"Wakitabasamu, chukua," aliniambia. "Wakipumua, kata."

Makopo yalitoka ghalani yakinuka siki.
Filamu ikizeeka hunuka hivyo,
kama achari iliyosahauliwa kabatini.
Nilivaa glavu nyeupe kama mwosha maiti
nikakunjua ngazi nyeusi zinazong'aa,
wasichana sitini, manyoya ya mbuni,
na katikati nyota, akishuka.
Yeye alishuka. Wao walikuwa ngazi.

Saa sita Arvilla Stroud alituletea pai ya cheri
kutoka mkahawani ng'ambo ya barabara:
miaka sitini na mbili, penseli sikioni,
soksi nene za kubana mishipa.
Alisimama mlangoni na trei yake,
kidole kikihesabu hewani.
"Safu ya pili. Wa tatu kutoka kushoto. Rudisha."

Nikarudisha.
Goti. Bega. Halafu mguu wa nyota
ukapanda kama kizuizi cha reli, ukafunika uso.
Kata.

"Ngojeni ushuke," alisema. "Mguu ule hushuka.
Nani ajue kama mimi? Nilikuwa nyuma yake.
Tulirudia mara thelathini na moja siku ile,
damu ikajaa kiatuni, fundi akaja na brashi
akapaka rangi ya fedha juu ya damu,
tukaendelea."

Bwana Prohaska alimaliza pai, akafuta masharubu.
"Mama, watu watalipa kumwona nyota."
Hakuwa mkatili. Alikuwa na saa mbili na dakika nane.

Asiyekuwapo na lake halipo, sawa.
Lakini huyu alikuwapo!
Huyu alikuwapo mara thelathini na moja.

Usiku nilibaki.
Chini ya meza niliokota kipande kilichotupwa,
nikakiinua kwenye taa:
uso mdogo kama punje ya mtama,
mdomo wazi, hautabasamu.
Fremu ishirini na nne hufanya sekunde moja.
Nilichukua nane. Nikakwangua, nikapaka gundi, nikabonyeza,
na ili urefu usibadilike
nikaiba nane kutoka kwenye machweo fulani mbele huko.
Machweo yalikuwa tele.
Wapiga fidla walichelewa theluthi ya sekunde,
na mpaka leo wanachelewa.

Usiku wa onyesho la kwanza alikuja kwa basi,
gauni la binti wa dada yake, limepindwa kwa pini.
Miguu ilikuwa imemvimba; akavua viatu gizani.
Zikaja zile ngazi. Nikamshika mkono.
Goti, bega, mguu ukapanda,
ukumbi mzima ukapiga makofi kwa ajili ya mguu,
na Arvilla akainama
kutafuta kiatu kilichoteleza chini ya kiti cha mbele.

Alipoinuka, nyota alikuwa amefika sakafuni.

"Nimepita?"

"Umepita."

"Nilikuwaje?"

Nikatafuta neno. Pembeni yetu mzee mmoja
alikuwa akilia waziwazi, sijui kwa ajili ya nani.
"Ulikuwa unapumua," nikamwambia.

"Tulikatazwa," alisema,
akaingiza mguu kiatuni.