Saba, Kulia

Gazeti la juzi limefika Wete leo,
limefungiwa mkate wa ajemi,
na baba kalinyoosha kwa kiganja
kama alivyokuwa akinyoosha stakabadhi
enzi zake, karani wa mizani ya karafuu.
Habari hasomi. Habari, asema, zishapoa.
Ataka ukurasa wa nyuma tu,
vijumba vyeusi na vyeupe,
na penseli niliyomchongea kwa kisu cha samaki.

"Moja, kulia: Hupima bila kusema."
Mizani. Hilo hata hakuniuliza.
"Tatu, chini: Hufa juani, hunukia gizani."
Akacheka. Hawa wa Dar karafuu wameijulia wapi?

"Saba, kulia: Mnyama mwenye mkonga. Herufi tano."
N, D, O, V, U. Kaandika bila kupumua,
maana kwetu ndovu ni ndovu,
lile neno jingine lina kazi nyingine.

Ndipo nane, chini, ikaja kuvuruga:
"Hupanda na kibuyu kitupu, hushuka nacho kimejaa."
Alijua. Nami nilijua.
Na neno linaanza na M
palepale ndovu alipokwisha kukaa na O yake.

Babu Shaame alikuwa na kotama.
Hilo kwetu halisemwi barazani.
Mimi nalipata kwa shangazi Mize, tukichambua karafuu:
kwamba alikwea minazi ya Mtambwe kabla ya adhana,
akateremka, akanawa, akasimama safu ya nyuma kabisa;
kwamba lililobaki bila kuuzwa bibi alilitia mtungini
likakaa mpaka likawa siki,
na siki ile ndiyo iliyonunua daftari la baba,
na kalamu, na hesabu za kupimia karafuu za watu.
Skuli akiulizwa: "Babangu auza siki."
Herufi nne. Hakusema uongo.

Sikumtajia jibu. Nilichuja chai.
Mafuta ya mkate yalikuwa yanatambaa
kuelekea kijumba cha kumi na moja.

Akalowesha kidole, akamfuta ndovu.
Karatasi ikachubuka pale ilipokuwa D.
Kisha, kwa hati yake ya ukarani,
M.
G.
E.
M.
A,
taratibu, kama mguu unaotafuta kata ya mnazi
na macho hayatazami chini.
Ndipo akarudi kulia: T, E,
akairuka M iliyokwisha kumngoja,
B, O.

Muda mrefu hakunywa chai yake.

"Magharibi ndipo huwa kali," akasema,
si kwangu, kwa gazeti.
"Asubuhi ni tamu tu. Asubuhi halina neno.
Alikuwa akichovya kidole, akinipa nilambe."

Akaitazama penseli. Ncha imekatika.
"Chonga," akanambia. "Imebaki tisa."