Kidole Gumba

Waliniteua kwa sababu ya mizani.
"Mtu anayepima pamba mchana kutwa,"
alisema Bwana Pinto wa stesheni,
"hashindwi kupima vichekesho usiku mmoja."
Basi nikapewa kiti chenye mkono mmoja,
kibao cha mtoto wa shule, kipande cha chaki,
na soda ya moto.

Ukumbi ulikuwa ghala la zamani la ngozi, hapo Mbale,
na harufu haikuhama
ingawa walipaka chokaa mara mbili.
Karabai tatu. Pazia la turubai za jeshi,
Fatna Rehani alilishona,
mhuri wa bohari ukisomeka kichwa chini kila lilipopanda.
Kiingilio senti hamsini, au mayai manne,
na mayai yale mpaka leo sijui waliyala akina nani.

Walitangulia Mafabi na mkewe Nambozo.
Mume chini, mke mabegani,
mtungi kichwani mwa mke, maji mtungini.
Halikudondoka hata tone.
Mwalimu Mugide akaandika nane.
Mimi saba, maana mume alitabasamu
utadhani aliyebeba maji ni yeye.

Akaja kijana aliyeiga garimoshi la Tororo,
kwa mdomo tu na vipande viwili vya bati:
mlima, kona, breki, mvuke, abiria anayegombana na karani.
Bwana Pinto akasimama, akatazama saa yake.
"Limechelewa," akasema.
Kumi, kumi, kumi.
Sikuona sababu ya kubana.

Mwenye mazingaombwe, njiwa alimgomea kofiani.
Tulingoja.
Alipoanza kulia, kulia kweli,
njiwa akatokea kwenye mkono wa shati,
na watu wakapiga makofi wakidhani ndio mchezo wenyewe.

Kisha Opolot, wa Kumi.
Hakuja na kitu ila gunia tupu.
Akakaa. Akavua miwani asiyokuwa nayo,
akaipulizia, kioo cha kushoto, kisha cha kulia,
kama ninavyofanya.
Kule nyuma, kwenye mabenchi ya wakulima,
kicheko kilianza kama kikohozi.

Akainua jiwe la mizani lisilokuwepo,
nami nikauona uzito wake.
Mkono wa kulia ukawa unaandika.
Na kidole gumba cha kushoto kikashuka,
polepole, mjusi anayeteremka ukutani kunywa maji,
kikatua ukingoni mwa sahani ya mawe.

"Pauni hamsini na mbili, mama. Nenda salama."

Sauti ilikuwa yangu.
Hata lile nenda salama.

Ukumbi ukapasuka. Mabenchi yakapigwa, kofia zikaruka.
Mwanamke mmoja tu hakucheka,
na magunia yake nilikuwa nimeyapima Ijumaa.
Kidole changu kilikuwa pajani.
Nikakikalia.

Mwalimu Mugide: kumi.
Bwana Pinto, akifuta machozi: kumi.
Sifuri ingekuwa kukiri.
Kumi nayo, kukiri.
Na usiniambie kijana hakuwa hodari:
miaka kumi na mmoja nimefanya kazi na kidole hiki
na sikuwahi kukiona mpaka usiku ule.
Chaki ilikuwa imelowa jasho.

Nikaandika tisa.

Blanketi na shilingi ishirini zikaenda kwa garimoshi.
Opolot akapita kutupa mkono, mmoja mmoja.
Wangu aliushika kitambo,
akaugeuza kwenye mwanga wa karabai,
akakitazama kidole kama mnunuzi anayekagua kitambaa.
"Imepungua moja tu," akasema, kwa upole.
"Nenda salama, Bwana."