Lakiri

Mkono wa mwanamke hauvutwi, unabembelezwa.
Nilifundishwa hivyo nikiwa na miaka tisa
juu ya shuka jeupe la duka letu, Laad Bazaar,
hatua sitini kutoka Minara Minne:
bonyeza mfupa wa gumba uelekee ndani,
uliza habari za wifi, za mtihani wa mtoto,
na mteja akikumbuka maumivu, bangili imekwisha pita.

Kutwa nashika mikono ya watu.
Ya mabibi harusi, hina na jasho;
ya mwalimu wa hesabu anayebishania nusu rupia;
ya ajuza wa Gulbarga aliyetaka za kijani tu,
kijani, akasema, cha kasuku, si cha mchicha.
Nawatajia kipimo kabla hawajafungua kinywa:
mbili na nne. Mbili na sita.

Lakini bangili hazizaliwi hapa penye taa.
Mpite muuza marashi, shika kichochoro
ambacho baiskeli hupita kwa kuinamisha usukani,
panda ngazi kumi na moja (ya nane iruke, imeoza),
utamkuta Shangazi Mahjabeen mbele ya sigiri,
lakiri ikilegea juu ya makaa
kama shahidi aliyekwisha pokea hongo.
Anaikanda, anaisokota, anaifunga duara,
kisha vioo, kimoja kimoja, vidogo kuliko punje ya ulezi,
anavididimiza kwa ncha ya kidole
lakiri ikiwa moto bado, maana ikipoa haipokei kitu.
Miaka thelathini na minne.
Mikono yake mwenyewe mitupu tangu tumzike mumewe.
Zake tulizivunja mlangoni, saba za kushoto, saba za kulia,
na jioni ile ile akarudi kwenye sigiri.
Kulikuwa na oda ya harusi.

Jumanne nilimsindikiza duka la mgao wa mchele.
Weka gumba, akasema mwenye duka.
Akaweka. Mashine ikalia, taa nyekundu.
Futa kwa shela. Akafuta.
Weka cha shahada. Cha kati. Haya, mkono wa pili.
Vidole kumi, na vyote kumi vikakanwa.
Yule bwana akauinua mkono wake kwenye mwanga:
ngozi laini kama kitako cha sahani,
hakuna mstari, hakuna mzingo, hakuna mtu.
"Mama, serikali haikuoni."
Shangazi, ambaye hucheka kwa Idi hadi Idi, akacheka.
"Iambie hata mimi siioni."

Tukarudi, mfuko umekunjwa kwapani.

Wahenga walinena: chanda chema huvikwa pete.
Juu ya chanda kinachoitengeneza, hawakunena.

Usiku nilifunga duka nikabaki ndani.
Nikashusha maboksi ya juu kabisa, mali iliyolala
tangu enzi ya babu, rangi ambazo hakuna anayeziuliza,
na chini ya vumbi nikapata moja, ya zambarau, imepinda kidogo.
Upande wa ndani, ule unaogusa ngozi,
gumba lilikuwa limebonyea:
mistari yote, mzingo ndani ya mzingo,
wazi kama muhuri juu ya barua ya mfalme.
Msichana wa miaka kumi na tisa, haraka, makaa mengi mno.

Nikazipanda zile ngazi mbio, hata ya nane nikaikanyaga.

Akaigeuza mara mbili chini ya balbu.
"Kazi mbaya," akasema. "Nilikuwa sijajua kulainisha."
Akaishika kwa koleo, akairudisha motoni.
Nilitaka kumzuia; mkono wangu ulichelewa.
Mistari ikalala, mmoja baada ya mwingine,
harufu ya utomvu ikajaa chumba,
na alipoitoa ilikuwa duara kamili, mbili na sita, safi.

Niliiuza Jumatano kabla ya adhuhuri.

Alhamisi tunakwenda tena. Wanasema ipo mashine ya macho.
Moshi umeyala kiasi, anasema, si yote.