Msumeno Umeharibika

Oktoba, Montevideo. Koni tatu, utepe,
fulana zetu za manispaa, na mimi chini, nimeshika kamba.
Kazi yangu ni kutazama juu.
Shingo yangu inaujua mtaa huu kuliko inavyoujua mto wa kulalia.

Amri iliandikwa Juni, baridi ikiuma, hakuna yai popote:
mjakaranda nambari arobaini na moja,
ondoa tawi linalogusa waya.
Karatasi ikazunguka ofisini, mhuri kwa mhuri,
ikatufikia mti una wapangaji.

Yamandú alikuwa juu, msumeno ukinguruma.
Kisha kimya.
"Kuna nyumba," akasema.

Si vijiti vya kupeperushwa. Nyumba ya udongo,
mviringo kama tanuri la mkate, ina mlango,
na ndani ukuta wa pili, upepo usichungulie.
Huku humwita mwokaji. Rangi yake ya tofali.
Alisimama kwenye waya ule ule akitutukana,
na mkewe akamalizia kila tusi.
Tope walilitoa, tonge baada ya tonge,
kwenye bomba linalovuja pale kona,
ambalo nalo limo katika orodha yetu. Tangu Machi.

Bi Elvecia akafungua dirisha:
"Upepo ukivuma tu, nalala gizani!
Hao ndege wanalipa kodi?"
Hawalipi. Hakuna aliyembishia.

Waldemar, msimamizi, akatazama saa, akatazama juu.
Mwaka jana, kwa haraka, tulikata tawi bila kuangalia,
na siku ile hakugusa chakula chake.
Akalaza karatasi juu ya boneti, akaandika:
MSUMENO UMEHARIBIKA.
Yamandú akaushusha taratibu, kama mgonjwa.

Ukaugua wiki saba.
Mjakaranda ukachanua, ukamwaga zambarau juu ya magari.
Bi Elvecia alikula kwa mshumaa mara mbili, akapiga simu ofisini mara tisa.
Siku moja nilipita, nikamkuta dirishani
na darubini ya marehemu mumewe.
"Wa tatu anaogopa kuruka," akaniambia.
Hata salamu hakunipa.

Desemba tukarudi. Yamandú alibisha kwanza, kwa ukucha.
Hakuna mtu. Akakata mbele ya nyumba,
akaacha kibutu kimebeba tanuri.
Ni mkato mbaya, fundi yeyote atakuambia.

Ripoti inasema msumeno umepona.
Bomba bado linavuja.
Lile hatujaligusa.