Haipo

Sajini Ostrander anashindwa na jina langu.
"Vrbka," namwambia. "Irabu ni moja tu, iko mwishoni,
ukifika hapo pumzika."
Anacheka, ananimiminia kahawa kwenye kikombe cha karatasi.
Ofisi yake imebanwa kati ya duka la piza na saluni ya kucha,
na mlangoni amesimama askari wa kadibodi
aliyepauka upande mmoja,
ule unaotazamana na jua la Nebraska.

Anaikunjua hati yangu ya kuachiliwa.
Kidole kinashuka, kinaipita medali ile moja,
kinayapita majenereta na malori niliyoyafufua Texas,
kinagota kwenye kisanduku cha chini:
tatu.
Ingekuwa moja, anasema, ungeapa hata kesho.
Ingekuwa nne, ningekununulia piza, tuagane.
Tatu ni mlango ulioshindikwa, haukukomewa.
"Utahitaji msamaha, Noreen."

Msamaha.
Nimelitafuna neno hilo garini, taa nyekundu hadi nyekundu.
Anayesamehewa amekosa. Mimi nilikosa nini?
Simu ilinikuta kambini, uma mkononi:
mama kaanguka jikoni, kushoto kote kumekufa,
na kaka yangu Dwight yuko Alaska,
na Alaska haipokei simu.
Nikaandika barua. Kamanda akatia sahihi.
Nikarudisha kofia ya chuma, mahema, blanketi,
vyote vikahesabiwa, hata kijiko.

Kisha miaka mitatu ambayo fomu inaiita pengo.

Katika pengo hilo kulikuwa na saa ya jikoni,
ya plastiki, yenye umbo la kuku,
ikilia kila baada ya saa mbili, usiku na mchana:
mgeuze. Kulia. Chali. Kushoto.
Asifanye vidonda vya kulalia.
Hakuna aliyekuja kunipokea zamu.
Mama, kwa mdomo wake uliopinda,
alipenda kuuliza gizani, "Nani anapita?"
"Rafiki," nikijibu.
"Pita, rafiki,"
nami nikapita na bakuli la supu.

*Thibitisha*, fomu inasema,
*kwamba sababu iliyokutoa jeshini haipo tena.*

Haipo.
Si hayupo.
Haipo, kama nyundo iliyoazimwa isirudi,
kama meza tuliyoiuza ili kitanda cha hospitali kipate nafasi.
Nimelitazama neno hilo muda mrefu
nikitafuta ndani yake mwanamke
aliyekuwa akiiba chumvi akidhani sioni.

Nikaenda kwa karani wa kaunti, cheti cha kifo, nakala tatu.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Wa mzazi sijui anaujua nani;
karani yule alipiga muhuri,
akainama, akaupuliza wino ukauke,
akanipa bila kunihimiza.

Ukurasa wa mwisho: *Kwa nini unataka kurudi?*
Mistari minne.
Nimeandika kutumikia nchi, na si uongo.
Sikuandika kwamba saa nane za usiku bado naamka,
nasimama kwenye kizingiti cha chumba kitupu,
nangoja kuulizwa.
Sikuandika kwamba nataka kulala
nikijua kuna mtu mwingine macho.
Mistari ilikuwa minne tu.

Wiki ya tano sasa. Sajini anasema faili liko juu,
juu ya nani hajui.
Ananiambia nisiache kukimbia, mizani haina huruma.
Basi nakimbia kabla ya alfajiri, nyuma ya maghala ya mahindi,
theluji ikivunjika chini ya viatu,
kuku mfukoni, nimemtega dakika ishirini.
Pumzi yangu inanitangulia.
Mbwa wa akina Schroeder hanibwekei tena.

Kuku analia.
Nageuka.